Jina Moja, Njia Mbili

Wakikuyu wana desturi ya tangu zamani katika kuwapa watoto wao majina. Mtoto mwanamume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na wa pili hupewa jina la baba wa mama yake. Watoto wanawake nao hupewa majina ya bibi zao kwa utaratibu ule ule. Kwa hiyo mama aweza kumwita mwanawe mdogo "baba", wala hapana amchekaye, maana jina la mzee limerudi nyumbani.

Ndiyo sababu majina ni machache na watu ni wengi. Karani aandikaye watu katika daftari aijua sana taabu hiyo. Akina Kamau wako watano katika kijiji kimoja, naye hana budi kuuliza, "Wewe ni Kamau wa nani?"

Ngugi ni mojawapo ya majina hayo, na watu wawili walioitwa hivyo walijulikana duniani kote, ijapokuwa kazi zao hazikufanana hata kidogo.

Wa kwanza alizaliwa Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1938. Jina lake lilitoka kwa baba wa mama yake, na alipojua kusoma na kuandika, mzee huyo alimfanya karani wake wa barua. Mtoto akakua, akasoma Makerere, na mwaka 1964 riwaya yake ya kwanza ikapigwa chapa kwa jina la James Ngugi. Baadaye aliliacha jina la James, akataka aitwe Ngugi wa Thiong'o, yaani jina la babu pamoja na la baba. Alipowekwa kizuizini bila kushtakiwa, tangu mwisho wa mwaka 1977 hata Desemba 1978, aliandika kitabu kwa Kikikuyu juu ya karatasi za msalani. Alifariki Marekani mwaka 2025.

Wa pili ni John Ngugi, aliyezaliwa mwaka 1962. Huyu sifa yake ilitoka miguuni. Alishinda mbio za nyika za dunia mara nne mfululizo, tangu 1986 hata 1989, na mara ya tano huko Boston mwaka 1992. Kabla yake hapakuwa na mwanamume aliyeshinda mara tano. Katika Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, alikimbia mita 5,000. Mizunguko mingi ilikuwa bado imebaki alipowaacha wenzake, akakimbia mbele peke yake hata akaipata dhahabu.

Jina halikumfundisha mmoja kuandika, wala halikumpa mwingine mbio. Wote wawili walipewa wangali wachanga, kabla hawajatenda neno lolote, jema au baya. Wahenga husema, "Jina jema hung'ara gizani," lakini nuru hiyo huwashwa na mwenye jina kwa kazi yake mwenyewe.

Na kwa desturi hii jina si mali ya mtu mmoja. Ni amana aliyoipokea kwa babu, naye siku moja atampa mjukuu. Mjukuu huyo hatachagua. Atalipokea jina kama lilivyo, pamoja na sifa au aibu iliyoachwa ndani yake na yule aliyelichukua kabla yake.