Walker Hakuwa Mtembezi

Ndugu msomaji, ukitajiwa Mwingereza aitwaye Walker, na Kiingereza chako ni kile cha darasani, utaamini mara moja kwamba babu yake alikuwa mtembezi hodari. Wauza pombe nao wameishikilia maana hiyo: mwaka 1908 Tom Browne alimchora yule bwana wa kofia ndefu apigaye hatua kwenye chupa za Johnnie Walker. Picha ni nzuri, lakini asili ya jina ni nyingine kabisa.

Walker alitembea, naam, ila alitembea ndani ya hodhi. Zamani hizo kitambaa cha sufu kilipotoka kwa mfumaji kilikuwa kimelegea na kujaa mafuta. Kililowekwa katika maji yaliyotiwa mkojo uliochacha, kisha mtu akaingia miguu mitupu na kukikanyaga kwa saa nyingi, hata nyuzi zikashikana. Mkojo ukikaa hutoa amonia, nayo huondoa mafuta. Hebu fikiri harufu aliyorudi nayo nyumbani kwa mkewe! Na biashara ya sufu ndiyo iliyoitajirisha Uingereza ya wakati ule.

Kaskazini mkanyagaji huyo aliitwa Walker, kusini-magharibi aliitwa Tucker, kusini-mashariki, Fuller. Kazi ni ile ile moja.

Hapo mwanzo jina lilikuwa la mtu na kazi yake tu. Mwanawe akiwa mwashi, aliitwa kwa uashi wake. Polepole likageuka kuwa la kurithi, na makarani walikuwa na mkono katika jambo hilo. Kodi ya kichwa ilipotozwa mwaka 1377, 1379 na 1381, makabwela kwa maelfu waliandikwa daftarini. (Aliyeongoza uasi dhidi ya kodi hiyo mwaka 1381, Wat Tyler, naye ana jina la kazi: mtu wa vigae.) Kufikia takriban mwaka 1400 familia nyingi za Kiingereza zilikuwa na jina la ukoo.

Lakini tangu mwaka 1185 kumbukumbu za Uingereza zinataja vinu vya maji vyenye nyundo za mbao, vilivyotwanga kitambaa mahali pa miguu ya watu. Basi jina lilishika mizizi wakati kazi yenyewe ikimponyoka mwenye jina, na watoto wakarithi sifa ya miguu ambayo matajiri wa sufu hawakuihitaji tena.