Asili Iliyofichwa

Kila mtu ana nasaba, lakini si kila nasaba ina masimulizi. Wako watu ambao wazee wao hutajwa kwa fahari arusini na matangani; na wako ambao wazee wao wakitajwa mazungumzo hukatika, na mkubwa mmoja huinuka akasema kwamba chai imepoa. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya namna hii ya pili. Kwa hiyo, nilipokutana katika nchi ya mbali na bikizee aliyekuwa akitafuta habari za bibi wa bibi yake, mfungwa wa Kiayalandi, nilidhani kwamba namsaidia yeye. Nilichelewa kutambua kwamba safari ile ilikuwa yangu pia.

Mke wangu alipata nafasi ya kusomea mambo ya bahari katika Chuo Kikuu cha Tasmania. Nikachukua likizo ya utafiti, nikafuatana naye mpaka Hobart, tukapanga vyumba viwili katika nyumba ya bikizee huyo, mjane na mwalimu aliyestaafu. Alipojua kwamba kazi yangu ni kusoma miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, aliniletea bahasha usiku mmoja baada ya chakula.

"Daktari," aliniambia, "mtu awezaye kusoma karatasi zilizoliwa na mchwa hatashindwa na mwandiko wa karani wa gereza."

Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la wafungwa. Katika ukoo wake, tangu utoto, alikuwa akiambiwa kwamba bibi yule alikuja Tasmania mlowezi huru, aliyelipa nauli yake mwenyewe. Lakini katika Biblia ya ukoo, mahali panapoandikwa vizazi na ndoa, ukurasa wa kwanza ulikuwa umekatwa kwa kisu, umebaki ukingo mwembamba tu. Ukingo ule ndio uliomtia shaka. Jina la bibi yule sitalitaja. Nililisoma kwa idhini ya wenyewe, na kulitangaza ni haki yao.

Yafaa msomaji akumbuke habari za hukumu ile. Uingereza ilianza kupeleka wafungwa Australia mwaka wa 1788. Merikebu ya kwanza iliyowachukua moja kwa moja kutoka Ayalandi, iliyoitwa Queen, iliondoka upande wa Cork mwaka wa 1791. Na ya mwisho kuleta wafungwa Australia, Hougoumont, ilifika Fremantle mwezi wa Januari 1868. Katika muda huo watu karibu 162,000 walipelekwa, na wapatao 40,000 miongoni mwao walitoka Ayalandi. Hukumu ilikuwa ya miaka 7, au 10, au 14, au ya maisha. Lakini aliyemaliza kifungo hakupewa nauli ya kurudi, na kwa maskini miaka saba ilikuwa na maana moja na milele.

Bibi yule alihukumiwa miaka saba. Kosa lake lilikuwa wizi wa kondoo mmoja, katika jimbo la Clare, wakati njaa kuu ilipokuwa katika mwaka wake wa nne. Ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi mwaka wa 1845, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini asubuhi na jioni. Kufikia mwaka wa 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine kiasi hicho walikuwa wameihama nchi. Katika upande wa Kilrush, huko huko Clare, wapangaji walitolewa mashambani kwa maelfu, na vibanda vyao vikabomolewa nyuma yao wasipate kurudi. Wako waliochoma nyumba au kuiba makusudi ili wapelekwe ng'ambo, maana merikebu ya wafungwa ilikuwa na chakula. Kama bibi yule alikuwa mmoja wao, daftari halikusema.

Lakini daftari lilisema mengi mengine, nami niliyasoma kwa sauti, neno baada ya neno, bikizee akiyaandika. Umri miaka 30. Kimo futi 5 na inchi 1. Nywele za rangi ya mchanga, macho ya kijivu, ndui imeacha alama usoni, kovu katika kiganja cha kushoto. Dini Katoliki. Hajui kusoma wala kuandika. Mjane, watoto wawili. Kisha likafuata jibu lake mwenyewe alipoulizwa kosa lake: kondoo, na jina la mwenye kondoo. Hakujitetea. Chini yake makarani wa koloni waliongeza makosa mapya: kutoka nyumbani kwa bwana wake bila ruhusa, ulevi mara moja, ufedhuli mara tatu. Kwa ufedhuli alipelekwa Cascades, gereza la kazi la wanawake chini ya mlima wa Hobart, akafue nguo.

Bikizee aliweka kalamu chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Ufedhuli mara tatu!" alisema. "Mama yangu alikuwa akiniuliza nimeutoa wapi."

Kisha akanyamaza, akakitazama kiganja chake cha kushoto. Nadhani ni wakati ule ndipo bibi yule alipoacha kuwa habari, akawa mtu.

Tulipojaribu kumfuata nyuma mpaka kwao, tulikutana na ukuta unaowazuia wote wanaotafuta wazee wao katika Ayalandi. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuungua, pamoja na hazina ya nyaraka za taifa iliyokuwa hapo. Humo mliungua karibu daftari zote za sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, ambamo maskini waliandikwa nyumba kwa nyumba, pamoja na watoto wao. Sensa za 1861 na 1871 zilikwisha kuharibiwa kabla ya hapo kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini daftari za watu waliohukumiwa kuhamishwa, kuanzia mwaka wa 1836, zilikuwa zimewekwa mahali pengine, katika Ngome ya Dublin, pamoja na maombi ya wafungwa kwa mwakilishi wa Malkia. Hizo zilisalimika. Mwaka wa 1988 serikali ya Ayalandi iliwapa watu wa Australia nakala zake kuwa zawadi, na leo faharasa yake husomwa katika intaneti na mtu aliyeketi kwake.

Jambo hili lilinishughulisha siku nyingi. Karatasi zilizomtaja mama huyu akiwa jirani, mke na mama wa watoto zimekuwa majivu. Zilizomtaja akiwa mwizi zimehifadhiwa vizuri. Jirani zake waliokufa kwa njaa pasipo kuiba hawana hata kimo chao katika kitabu. Aliyeiba kondoo anajulikana mpaka kovu la kiganja.

Faharasa ilituonyesha kwamba aliandika ombi. Tuliagiza nakala Dublin, ikaja baada ya wiki chache. Kwa kuwa hakujua kuandika, mtu mwingine alimwandikia kwa lugha ya unyenyekevu, naye akatia alama ya msalaba mwishoni. Hakuomba asamehewe, wala hakuomba asipelekwe. Aliomba jambo moja: kwamba watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, waruhusiwe kwenda pamoja naye, kwani akiwaacha hawana mtu.

Vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki vilikuwa vikihifadhiwa parokiani, kwa hiyo moto wa Dublin haukuvifikia. Baadaye vilitiwa katika picha, na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliziweka picha hizo wazi kwa watu wote mwaka wa 2015. Humo tuliwakuta watoto wote wawili, kila mmoja na wazazi wa ubatizo. Tukarudi Hobart, katika daftari za Shule ya Mayatima ya Malkia, iliyokuwa New Town. Iliitwa ya mayatima, ingawa wengi wa watoto wake walikuwa na mama walio hai waliokuwa wakitumikia kifungo. Tulimkuta mtoto wa kike, wa miaka minne. Wa kiume hakuwamo. Hakuwamo katika orodha ya merikebu pia.

Bikizee aliniomba nitazame mara ya pili, nami nikatazama. Aliniomba mara ya tatu. Baada ya hapo hakuniomba tena, bali aliandika jina la mtoto yule katika karatasi safi, mbele yake akaweka mwaka wa ubatizo, na baada yake akaacha mahali patupu.

Habari zilizobaki zilikuwa nyepesi zaidi. Mama yule alikaa miezi sita katika Anson, merikebu kuukuu iliyotiwa nanga katika Mto Derwent ili wanawake wafundishwe kazi za nyumbani, akaajiriwa, akapata cheti cha ruhusa, akaolewa, kwa idhini ya serikali kama ilivyolazimu, na mtu aliyekuwa mfungwa kama yeye. Akamtoa binti yake shuleni. Akazaa wengine, na mmoja wao ndiye aliyemzaa bibi yake bikizee. Wakapata shamba dogo. Bikizee mwenyewe aliniambia nisisahau kwamba shamba lile lilikuwa limenyang'anywa wenyeji wa kisiwa kabla mama yule hajafika, na kwamba aliyefukuzwa katika kibanda cha Clare alikwenda kujenga juu ya ardhi ya waliofukuzwa. Alipokufa, watoto wake walitangaza gazetini kwamba amefariki mlowezi wa zamani. Kisha mmoja wao akachukua kisu, akafungua Biblia.

Siwezi kuwalaumu. Usafirishaji wa wafungwa kisiwani humo ulikomeshwa mwaka wa 1853, na miaka mitatu baadaye jina la Van Diemen's Land likabadilishwa kuwa Tasmania, pamoja na tumaini kwamba doa litakwenda na jina. Mwana wa mfungwa alikuwa na sababu ya kunyamaza: kazi, ndoa, heshima ya jirani. Lakini kaka yake bikizee, alipokuja Jumapili moja akazikuta karatasi zetu mezani, hakuwa na sababu hizo, naye hata hivyo alikasirika. Alisema wafu waachwe walale.

Dada yake alimjibu kwa upole. "Hakimu alimpa miaka saba," alisema. "Sisi tumempa zaidi ya mia. Hata hakimu alikuwa na mwisho."

Kaka yake hakujibu. Alilichukua lile ombi, akalitazama kwa muda mrefu mahali penye alama ya msalaba. Kisha akauliza kama yule mvulana alionekana popote.

Nilirudi Tanga na maneno yale. Kwetu tuna methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nimeifundisha darasani miaka mingi, nami nilijua, kama watoto hujua bila kuambiwa, kwamba katika nyumba yetu methali hiyo haisemwi. Bibi yake mama yangu aliletwa pwani kutoka bara akiwa mtoto, wala hakuletwa kwa hiari. Mwaka ule ule wa 1922 uliounguza karatasi za Dublin, sheria iliufuta utumwa Tanganyika. Lakini sheria haikutufundisha namna ya kumtaja. Nilikuwa na shahada ya udaktari katika lugha ya watu wangu, nami sikujua jina la mama aliyenifikisha katika lugha hiyo. Wala hakuna karani aliyepima kimo chake au kuandika kovu lake. Kitabu chake kilikuwa mtu mmoja tu, naye ana zaidi ya miaka sabini.

Nilikwenda kwa mama yangu alasiri, nikamkuta anachambua mchele. Nilimsimulia habari za mama wa Clare tangu mwanzo: kondoo, kovu, ufedhuli mara tatu, mvulana aliyebaki. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza, nilimwuliza.

Nilingoja aseme kwamba chai imepoa. Aliendelea kutoa mawe katika ungo, moja, jingine, na jingine.

"Jina tulilomwita lilikuwa la waliomnunua," alisema hatimaye. "Jina lake alilopewa na mama yake alinitajia mara moja, alipokuwa mgonjwa, nami nilikuwa msichana. Aliniambia nisilisahau. Sijalisahau, mwanangu. Hakuna aliyeniuliza."

Akalitaja. Nilimwomba alitaje mara ya pili, kwani halikuwa na sauti za lugha yetu, na mara ya tatu ili niyasikie vizuri matamko yake. Kisha nikatoa daftari nikaliandika, na baada yake nikaacha mahali patupu.