Nyumba Inayohama na Dhahabu

Ndugu msomaji, huko Marekani na Ulaya wako watu wanaoishi mwaka mzima ndani ya gari lililotengenezwa mfano wa nyumba, lenye kitanda, jiko na pengine choo. Baadhi yao ni wastaafu ambao pensheni yao haikidhi kodi ya pango. Wakichoka mahali, huwasha gari wakaenda kwingine. Ukisafiri kutoka Shinyanga kwenda Geita utawakuta wenzao, isipokuwa nyumba ya hawa haina magurudumu. Hufungwa kwa kamba ikapakiwa nyuma ya pikipiki. Hao ni wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Kutoka mjini Shinyanga barabara ya lami hukufikisha Kahama, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Ukigeuka kuelekea kaskazini utafika Kakola, palipo na mgodi wa Bulyanhulu, kisha utaingia Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Nchi hii imezoea dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kati ya migodi hiyo mikubwa, na mbali nayo, ndiko waliko wenye nyumba za kuhama.

Habari ikivuma kwamba duara fulani limetema, shamba la mihogo hugeuka kuwa mtaa katika siku chache. Miti minne husimikwa, fito hufungwa, turubai hutandazwa juu, na nyumba imekwisha. Jirani ataanza mama lishe, wa pili kinyozi, wa tatu muuza maji kwa madumu. Mali ya mwenye nyumba huhesabika mara moja: turubai, godoro, sufuria, dumu, tochi ya kichwani, nyundo na moko. Msukuma aliyetoka kwao kwa busara hubeba pia mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo ni vyepesi kubeba na havidai jokofu.

Usidhani kwamba watu hawa hawajui uzuri wa nyumba ya matofali. Wengi wao huchimba bila mshahara. Mwenye duara huwapa chakula, na mawe yakipatikana hugawanywa kwa mifuko. Yasipopatikana, miezi kadhaa ya jasho hulipwa kwa ugali tu. Isitoshe, leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa miaka 7, na asiyekuwa nayo hana hata haki ya ardhi anayolalia. Mwezi wa Agosti mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka Bulyanhulu. Katika kuhama kwa namna hiyo turubai hukunjwa, bali ukuta huachwa nyuma. Kwa kijana asiye na mke wala mtoto, basi, turubai ni hesabu nzuri, kwani halidai kodi.

Lakini hesabu hiyo huharibika siku mke na watoto wanapoingia chini ya turubai lile. Maji hununuliwa. Unga na mafuta huja kwa kubebwa, na aliyebeba huongeza bei. Elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada, lakini mtoto anayehamishwa kambi tatu kwa mwaka mmoja atahitaji barua ya uhamisho mara tatu na mwalimu mpya mara tatu. Akichoka kuwa mgeni darasani, atakwenda kwenye karasha kuokota mawe, ingawa sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini aliye chini ya miaka 18.

Tena kuna zebaki. Katika nyumba ya mchimbaji, jiko na karakana mara nyingi ni mahali pamoja. Zebaki iliyoshika dhahabu huunguzwa motoni, na mvuke wake huingia mapafuni mwa wote waliomo, akiwemo mama mjamzito. Sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto hata kabla hajazaliwa. Zebaki isiunguzwe kamwe nyumbani, wala katika chombo cha kupikia.

Kambini pia watu huitana kwa majina ya utani. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa shimoni wakiwa hai baada ya siku 41. Mwenye kuhama na aache jina lake kamili, na jina la kijiji chao, kwa mwenyekiti wa kitongoji, ili duara likiporomoka ajulikane wa kupelekewa habari.

Familia nyingine zimegawa mambo kwa akili. Turubai limebaki kuwa kitanda cha mchimbaji peke yake. Watoto wamekaa kwa bibi yao, au katika chumba cha kudumu mahali kama Nyarugusu au Katoro, karibu na shule na zahanati. Masika yakijaza maduara maji, mchimbaji hurudi kulima. Tangu mwaka 2019 Geita ina soko la madini, ambako dhahabu hupimwa na kulipwa hadharani, na mwenye nyumba anaweza kujua hasa amepata nini kabla hajakitumia.

Ndugu msomaji, ikiwa unaye mwana, mume au dada katika maduara hayo, usimlaumu kwa kuhamahama, maana ndivyo kazi yake ilivyo. Mkumbushe tu kwamba gramu ya kwanza inunue bati, na bati hilo liezekwe mahali ambapo watoto wataamka kesho na keshokutwa wakiiona shule ile ile. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na asiye na ngama atarejea wapi?