Kuizunguka Rwenzori kwa Pikipiki

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hiyo tumeifundisha kwa miaka mingi. Tumeiandika ubaoni, tumewataka wanafunzi waeleze maana yake na matumizi yake, na tumewapa alama. Lakini ama kwa hakika, sisi wenyewe hatukuifuata mpaka tulipoketi kupanga safari ya kuizunguka milima ya Rwenzori kwa pikipiki.

Sisi ni walimu watatu wa Kiswahili, nasi twakaa Karambi, karibu na Bwera, katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Mto Lhubiriha ndio mpaka wetu na Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa pili husikilizana lugha zao bila mkalimani, na siku za soko pale Mpondwe Kiswahili ndicho kiunganishacho wengine wote. Nyuma ya nyumba zetu milima huanza kupanda, na kilele chake cha juu kabisa, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Huko juu kuna theluji, ingawa inazidi kupungua mwaka hata mwaka.

Fikra ya safari ilitokana na insha. Tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kichwa hiki: "Safari ya Milimani." Tulipoanza kusahihisha tulikuta kwamba zaidi ya nusu yao wamepanda Kilimanjaro, nao hawajafika hata Kampala. Mmoja alieleza vizuri jinsi alivyoshuka Moshi na kununua ndizi. Mlima wanaouona kila asubuhi wingu linapoinuka hawakuutaja. Tulipowauliza sababu, binti mmoja alisimama akajibu kwa adabu, "Mwalimu, ule wetu hatujausoma."

Jibu hilo lilituchoma. Hata sisi hatukuwa tumeusoma. Tuliyafungua madaftari yetu ya kufundishia, tukahesabu maneno. Tulikuwa tumewafundisha watoto wa milimani tanga, nanga, ngalawa, dau, kusi na kaskazi. Lakini genge, korongo, mteremko, ukungu na poromoko la ardhi hatukuwa tumeyagusa. Si kosa la Kiswahili. Lugha hii ililelewa na bahari, na kwa hiyo methali zake nyingi zanukia chumvi. Lakini maneno ya milimani inayo, nasi tulikuwa hatujayapandisha huku. Tukaazimia kwamba tutauzunguka mlima wetu wenyewe, tuone kwa macho, kisha tuandike kitabu kidogo cha kusomea cha kidato cha pili.

Jioni moja tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu, tukatandaza ramani mezani. Tulikuwa na pikipiki mbili, na ya tatu tungeazima. Njia tuliichora kwa penseli. Tungeondoka Karambi alfajiri, tupite Bwera na Kikorongo mpaka Kasese, mwendo wa kilomita 55 hivi. Kutoka Kasese mpaka Fort Portal ni kama kilomita 75. Na kutoka Fort Portal, kwa kuizunguka ncha ya kaskazini ya milima na kuteremka bonde la Semuliki, mpaka Bundibugyo ni kama kilomita 80. Kutoka hapo penseli haikusimama. Ilivuka Mto Lamia ikaingia Kongo, ikaelekea kusini kupitia Beni na Mutwanga, ikafika Kasindi, ikavuka daraja la Mpondwe na kurudi nyumbani. Duara lilikuwa limekamilika, nalo lilipendeza kama duara lililochorwa kwa bikari.

Kisha tukafanya hesabu kama zile za darasani: ikiwa pikipiki yaenda kilomita 40 kwa saa, itachukua saa ngapi? Tukapata jibu, tukapanga kusafiri wiki ya kwanza ya likizo ya mwezi wa Mei. Tukafurahi, tukanywa chai.

Kwa bahati njema, kabla hatujaagana alipita kijana mmoja wa bodaboda aliyekuja kumchukua mwenzetu. Tulimkaribisha ndani, tukamwonyesha ramani kwa majivuno kidogo. Yafaa tueleze kwamba kijana huyo alikuwa mwanafunzi wetu. Aliacha shule katika kidato cha pili, na daftari lake la Kiswahili lilikuwa jekundu kwa kalamu yetu. Kiswahili chake alikipata sokoni na kwa abiria wa kutoka Kongo, nasi tulikuwa tukimwambia kila juma kwamba hicho si Kiswahili.

Aliitazama ramani kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwalimu, hii mupango iko muzuri. Lakini mumehesabu kilomita, hamukuhesabu mvua."

Tukamwomba aendelee. Akaweka kidole chake juu ya Kasese, mahali mto Nyamwamba unapotoka milimani kwenye bonde la Kilembe, akatukumbusha jambo ambalo tulilijua lakini hatukulitia katika hesabu. Tarehe 1 Mei, 2013, mto huo ulifurika, ukabomoa nyumba na madaraja. Mwezi wa Mei, 2020, ulifurika tena, ukaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Maji ya mlima, alisema, hayangoji mvua inyeshe pale ulipo. Waweza kuwa barabarani katika jua kali, kumbe juu kumenyesha tangu usiku, na mto ukakufikia ukiwa darajani umesimama kupiga picha. Nasi tulikuwa tumechagua mwezi uleule wa Mei! Mvua za masika huku huanza Machi na kufika Mei, na za vuli huanza Agosti au Septemba na kufika Novemba. Akatushauri twende Januari, wakati barabara ni kavu na mlima huonekana asubuhi. Tukienda Mei, tutakuwa tumeuzunguka mlima bila kuuona, kwa kuwa utakuwa umejifunika mawingu.

Akaendelea na mengine. Katika kipande cha barabara kati ya Bwera na Kikorongo, pale inapopita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, tusipite jioni, kwa sababu tembo huvuka, na mwenye pikipiki hana mlango wa kufunga. Kutoka Fort Portal, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, barabara hupanda na kuzunguka kabla ya kushuka mpaka bonde lililo kwenye kimo cha mita 700 hivi. Katika mteremko ule tusishike breki muda wote, kwani zitapata moto na kulegea. Tuweke gia ya chini, injini yenyewe ituzuie. Tukaze mnyororo kabla ya kuondoka. Tuchukue mpira wa ndani wa akiba, viraka, gundi, pampu na plagi moja. Kila mmoja avae kofia ngumu, naye aliyepakiwa nyuma vilevile. Na pale Sempaya, kwenye chemchemi za maji ya moto, tusitoke katika njia ya kupitia, kwa sababu maji yale huivisha yai.

Katikati ya maelezo hayo alinyamaza ghafla. Alikuwa ameona kalamu ya mmoja wetu ikienda mbio karatasini. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nimekosea tena, mwalimu?"

Tulitazamana sisi watatu, tukashikwa na haya. Kalamu ile haikuwa ikisahihisha. Ilikuwa ikiandika alichokisema ili tusikisahau. Tukamwambia hivyo. Akacheka kidogo, lakini hatuna hakika kwamba alituamini mara moja. Mtu aliyezoea kalamu nyekundu kwa miaka miwili haponi kwa siku moja.

Hapo ndipo alipofika upande wa kushoto wa ramani, upande wa Kongo. Kidole hakikwenda mbele. Akasema, "Huku hapana."

Mwenzetu mmoja alikuwa amelisubiri neno hilo kwa hofu. Dada yake mkubwa ameolewa Mutwanga, chini ya mlima huohuo, upande wa machweo. Kwake yeye duara halikuwa pambo la ramani. Ndiyo sababu alikuwa ameishika penseli yeye mwenyewe mpaka Kasindi. Akajaribu kutetea. Kongo, alisema, iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za nchi hiyo. Barabara ya Kasindi mpaka Beni haizidi kilomita 80 kwa wingi. Je, ndugu wa damu moja na lugha moja watazuiwa na nini?

Hatukuwa na haja ya kumjibu. Jibu lilikuwa limetufikia hapahapa kwetu. Tarehe 16 Juni, 2023, usiku, wapiganaji wa kundi la ADF waliotokea ng'ambo waliishambulia shule ya sekondari hapa Mpondwe-Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Sisi ni walimu. Hatuwezi kuuandika mwaka huo kama tuandikavyo miaka mingine. Na wilaya ya Beni imeteseka kwa mauaji ya namna hiyo kwa muda mrefu kuliko sisi. Yule dada mwenyewe, alipopigiwa simu kesho yake, alimwambia mdogo wake maneno machache tu: asithubutu kumletea msiba kwa sababu ya matembezi.

Basi mwenzetu alichukua kifutio, akafuta penseli yake kutoka Lamia mpaka Kasindi. Hakuna aliyesema kitu. Duara likawa nusu duara, kama kwato ya farasi: twaenda mpaka Bundibugyo, twalala, kisha twarudi kwa njia tuliyoijia. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mlima huu hauzungukwi kwa ujasiri peke yake. Watu wawili waweza kuishi chini ya theluji moja, na mmoja akauona mlima jua linapochomoza, mwingine linapotua, wala wasiweze kutembeleana.

Lakini safari haikuvunjika. Tuliipanga upya, kwa Januari, na mahali pa kuanzia palibadilika. Hatutaanzia Karambi tena. Tutaanzia darajani Mpondwe, siku ya soko, ambapo yule dada atavuka na akina mama wengine wa biashara, kama alivyozoea, na mdogo wake atampokea. Watakaa pamoja asubuhi nzima, nasi tutasubiri. Kesho yake alfajiri ndipo tutakapowasha pikipiki. Ni siku nzima iliyoongezwa katika ratiba, na hesabu yetu ya kilomita 40 kwa saa haikuwa na mahali pa kuitia. Lakini sasa sote twakubali kwamba hiyo ndiyo siku ya kwanza ya safari.

Kijana wetu wa bodaboda atakuwa mtu wa nne. Tulimwomba atuongoze kwa malipo yake ya kawaida ya siku, akakubali. Pia tulimwomba atusaidie kuandaa orodha ya maneno ya barabara kwa ajili ya kile kitabu. Mpaka sasa orodha ina safu mbili: kushoto, neno kama lisemwavyo njiani, kulia, neno la Kiswahili sanifu. Hatukuiita safu ya kushoto makosa. Yeye husema "njia imekufa," nasi twaandika mkabala wake "barabara imeharibika". Naye husoma safu ya kulia kwa sauti na kuuliza kama atatamka hivyo mbele ya mgeni kutoka Tanzania. Neno la kwanza katika orodha hiyo ni bodaboda lenyewe. Neno hilo lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka, wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka walivyolisikia wao. Leo latumika Nairobi na Dar es Salaam, na hakuna mwalimu aliyeombwa ruhusa.

Ndugu walimu, tunaandika haya kabla ya kusafiri, wala si baada yake, kwa sababu twaona kwamba somo tumekwisha kulipata mezani. Katika Uganda, Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima mashuleni. Maamuzi hayo ni mema. Lakini lugha haitapanda mlima kwa amri. Itapanda pale mwanafunzi atakapotumwa kumwuliza dereva, mkulima wa kahawa, au mama wa sokoni swali ambalo mwalimu halijui, kisha arudi na jibu darasani bila kuogopa kalamu nyekundu. Jaribuni: wapeni wanafunzi wenu kazi ya kupanga safari ya mahali wanapokaa, kwa tarehe, kilomita, mvua na gharama zake. Kisha wataje nani waliyemwuliza.

Sisi twaondoka Januari, Mungu akipenda. Minyororo imekazwa, na viraka vimenunuliwa. Yule binti wa kidato cha pili ameagiza tumletee jina la kila mto tutakaouvuka. Tumemwahidi, na ya kwanza, Lhubiriha, amekwisha kuiandika mwenyewe.