Kigugumizi cha Vipindi

Wazee wa kwetu Tanga walitenganisha homa mbili. Ipo homa inayokaa, na ipo homa ya vipindi, inayokuja jioni ikamtikisa mgonjwa, kisha alfajiri ikamwacha akidai uji. Hii ya pili ilikuwa na udhia wake wa pekee, kwani mgonjwa akifikishwa kwa mganga alikutwa mzima. Alikuwa na maradhi mawili kwa mpigo: homa yenyewe, na kutosadikiwa.

Ndugu msomaji, leo naandika juu ya homa ya vipindi iliyoishika kompyuta yangu kuukuu, na juu ya jina ambalo wanafunzi wangu waliipa homa hiyo. Jina hilo lilinichoma, na ndilo lililonifundisha.

Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi katika kata ya Piyaya, wilaya ya Ngorongoro, kwenye nchi ya Wamaasai iliyo kati ya Oldonyo Lengai upande wa mashariki na mbuga za Serengeti upande wa magharibi. Mgeni anayefika huko hupokewa kwanza na vumbi. Ni vumbi laini mithili ya unga wa muhogo, kwa kuwa asili yake ni majivu ya volkano yaliyorushwa kwa karne nyingi na kupeperushwa na pepo za mashariki. Majivu hayo ndiyo yanayoirutubisha nyasi fupi ya mbuga zile, na kwa ajili ya nyasi hiyo nyumbu huja kuzalia huko kila mwaka, Februari ikiwa ndiyo kilele. Lengai wenyewe ulilipuka mara nyingine mwaka 2007. Basi vumbi lile si uchafu tu, ni riziki. Nasema haya mapema kwa sababu litarudi katika kisa changu.

Mwaka 2013 nilinunua mjini Arusha kompyuta ya mezani ya mtumba, yenye kichakataji cha Pentium 4, kumbukumbu ya megabaiti 512 na mfumo wa Windows XP uliotolewa mwaka 2001. Tayari ilikuwa mashine ya kizee. Niliinunua kwa kazi ya kuandika mitihani, lakini ndani yake mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha mchezo wa mpira, Pro Evolution Soccer 6 wa mwaka 2006. Nyumba yangu ya bati ilikuwa na paneli za sola na betri, na kwa hiyo ilikuwa pia kituo cha kuchajia simu za wazazi. Haukupita mwezi ikawa uwanja wa mpira. Jumamosi alasiri wanafunzi ishirini walijibana ndani, wawili wakicheza, mmoja akitangaza kwa Kiswahili cha redioni, waliobaki wakishangilia kwa Kimaa.

Kisha ugonjwa ukaanza. Mchezaji alikuwa akikimbia vizuri na mpira, ghafla akasimama, akaruka hatua mbili mbele, akasimama tena, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Dakika kumi salama, dakika mbili za mateso, kisha shwari.

Nilitafuta neno. Vijana wa mjini wangesema inahengi au inaganda, lakini kilichoganda hakiendi, na hii ilikuwa ikienda. Kusuasua kulikaribia, ila anayesuasua huwa mzito tangu mwanzo hadi mwisho. Lugha yetu ina hila yake katika jambo hili: hulirudia neno lenyewe. Tukisema inakwamakwama, hatusemi imekwama. Tunasema imekwama kidogo, ikaachia, ikakwama tena. Kurudiarudia kwa mdomo ndiko kunakobeba kurudiarudia kwa kitendo.

Wanafunzi hawakuhitaji uchambuzi huo. Jioni moja nikiwa nje nachota maji kwenye tangi, mchezo ukakwama, nikasikia sauti ya mtangazaji: “Haya, kompyuta imekuwa Mwalimu!” Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Lazima nieleze. Nina kigugumizi tangu utotoni. Hakinishiki kila siku wala katika kila neno. Nikighani utenzi kinanikimbia kabisa, kama wengi wenye hali hii wanavyoweza kuimba bila kukwama. Mizani nane za kila kipande hunishika mkono na kunivusha. Lakini mbele ya wakaguzi, au nikitaka kutaja jina langu mwenyewe, sauti ya kwanza hujirudia mpaka msikilizaji anatazama chini. Na kwa kuwa hakinishiki kila siku, nimeulizwa maisha yangu yote: “Mbona jana ulisema vizuri?” Wenye homa ya vipindi mnalijua swali hilo.

Sikuwaadhibu. Ila niliapa kuitibu mashine ile.

Nilianza kama wanavyoanza wengi, kwa kushuku kila kitu. Nilishuku umeme wa sola, kisha nikajijibu kwamba umeme ukipungua mashine huzima au hujiwasha upya, haikwamikwami. Nilishuku virusi vya flashi za watu, nikasafisha, hakuna kilichobadilika. Nilikuwa nimesoma kwamba Windows XP ikikutana na makosa kadhaa katika kusoma diski huishusha diski hiyo kwenye njia ya polepole bila kumwarifu mtu. Nikakagua, nikaikuta kwenye njia yake ya kasi. Likizo nikaibeba hadi Arusha kwa fundi. Akaiwasha asubuhi, akacheza dakika tano, akanirudishia. “Mwalimu, hii ni nzima.” Nililipa, nikaondoka kama mtu aliyesingizia.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mfugaji aliyekuwa akija kuchaji simu. Alinikuta nimekaa mbele ya skrini, akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akafikiri, kisha akaniuliza: “Mwalimu, ng’ombe wako huyu anachechemea akitoka bomani asubuhi, au akirudi jioni?” Nikasema, “Mzee, sijui.” Akasema, “Basi hujamwangalia. Anayechechemea akitoka, kiungo kimelala vibaya. Anayechechemea akirudi, kuna kitu kwenye kwato. Mguu ni ule ule.”

Nilikuwa nimeuliza mara mia: ni nini? Sikuwa nimeuliza hata mara moja: ni lini?

Nikafungua daftari. Kila mashine ilipowashwa niliandika saa, hali ya hewa, mlango wazi au umefungwa, na idadi ya watu ndani. Baada ya majuma matatu ukurasa ulianza kusema. Usiku nikiwa peke yangu, haikukwama. Alasiri za Jumamosi, nyumba ikiwa imejaa, ilikwama daima. Nilibaki nikiutazama ukurasa ule kwa mshangao usio wa kitaalamu. Mashine ilikuwa ikipata kigugumizi mbele ya watu! Ilikuwa kama mimi. Wanafunzi walikuwa wamesema kweli bila kujua.

Mtu mwenye mazoea ya kutunga mashairi angeishia hapo, kwa kuwa ubeti umekamilika na vina vimelingana. Nakiri nilitamani kuishia hapo. Lakini ulinganifu si ushahidi. Pengine watu walikuwa sababu, pengine waliandamana tu na sababu. Nikafanya majaribio mawili. Siku moja wanafunzi walipokuwa kwenye sherehe ya ukoo, nilijifungia peke yangu saa saba mchana, mlango na dirisha vimefungwa, nikacheza. Baada ya nusu saa ikaanza kukwamakwama, wala hapakuwa na wa kuionea haya. Jumamosi iliyofuata niliwaita wanafunzi wote saa kumi na mbili na nusu alfajiri, kabla ya mifugo kutoka, baridi ikiuma na mlango ukiwa wazi. Walikuja wamejifunika shuka zao, wakacheza, wakapiga kelele, na mashine haikusita hata mara moja.

Haikuwa watu. Ilikuwa joto. Bati la mchana, mlango uliofungwa kuzuia vumbi, na miili ishirini katika chumba kimoja. Yule fundi wa Arusha hakuwa mwongo. Alikutana na mgonjwa alfajiri.

Nikafungua kasha. Juu ya kichakataji hukaa mapezi ya alumini yanayonyonya joto, na juu yake feni ya kuyapuliza. Kati ya mapezi hayo vumbi la Lengai lilikuwa limejipanga likawa kama blanketi la kijivu. Feni ilizunguka bure, ikipuliza ukuta. Chini ya mapezi, ule uji mzito unaopaswa kulivusha joto kutoka kwenye kichakataji ulikuwa umekauka na kupasuka kama tope la lambo wakati wa kiangazi.

Na hapa nikajifunza jambo ambalo sikulitarajia. Pentium 4 ina kipimajoto ndani yake. Joto likifika kiwango cha hatari, haijiachi iungue. Huusimamisha mpigo wake wenyewe kwa kitambo kidogo sana, ikauachia, ikausimamisha tena, mara nyingi mfululizo, hadi ipoe. Kule kukwama nilikokuona hakukuwa kushindwa kwa mashine. Ilikuwa ikijiokoa.

Wapenzi wa ushairi watalielewa haraka lililokuwa likitokea kwenye skrini. Mchezo wa namna hii hukusudia kuonyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha ikipewa milisekunde 16 na ushei. Niliweka programu ndogo ya kuhesabu picha, nayo ikanionyesha 50 na zaidi hata wakati macho yangu yakiona ugonjwa. Hesabu ilikuwa karibu kutimia, ila haikugawanywa sawa: picha nyingi zilipita mbiombio, moja ikachelewa, nyingine zikaifuata kwa pupa. Ni sawasawa na mshororo wenye mizani 16 kamili ambao kituo chake kimeangukia katikati ya neno. Ukihesabu kwa vidole umetimia. Ukighani, ulimi unajikwaa. Shairi lenye kasoro ya vina au mizani tunaliita guni. Basi lipo na guni lisilokamatwa na vidole, linalokamatwa na sikio peke yake.

Tiba ilikuwa nyepesi kuliko uchunguzi. Brashi ya rangi, pampu ya baiskeli, na mrija mdogo wa uji wa kupitishia joto ulioletwa na mwalimu mwenzangu kutoka Arusha. Nikasafisha, nikapaka, nikafunga kipande cha kitambaa chepesi mbele ya tundu la hewa, na nikaweka sheria kwamba kila mwisho wa mwezi kasha litafunguliwa. Alasiri ya Jumamosi nyumba ikajaa, na mpira ukatiririka.

Ningeweza kufunga makala hapa. Lakini daftari lilibaki na kurasa tupu, na swali la yule mzee halikuniacha.

Darasa la sita nilikuwa na kijana ambaye hakuwa akisema. Nikimuuliza kwa Kiswahili, alianza neno, akasita, akalirudia, akakaa. Nilikuwa nimeamua kwamba ni mzito. Hata hivyo ndiye aliyekuwa mtangazaji wangu wa Jumamosi! Ndiye aliyesema kompyuta imekuwa Mwalimu. Alitangaza dakika tisini kwa Kiswahili kisicho na pengo. Sikuwa nimewahi kuviunganisha vitu hivyo viwili, kwa kuwa nami nilikuwa nimeuliza ana nini, sikuuliza ni lini.

Nikageuza daftari, nikaandika juu yake kwa majuma mawili. Jibu halikunifurahisha. Kijana yule alikwama nilipokuwa nimesimama karibu naye, na hasa baada ya mimi kumsahihisha ngeli au kumkatiza nikammalizia sentensi. Mimi, niliyemaliziwa sentensi tangu nikiwa mtoto, niliyechukia kitendo hicho kuliko kicheko, nilikuwa nikiwafanyia hivyo watoto ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Nilikuwa joto la chumba.

Sisemi kwamba mtoto ni mashine, wala kwamba kigugumizi changu ni vumbi. Majaribio yangu mawili yalinionya nisiamini kila kinachofanana. Mashine haikujua haya. Mimi nayajua, na yule kijana aliyajua. Kilicho sawa ni kimoja tu: katika yote matatu, aliyetazama mara moja alihukumu vibaya.

Jumatatu moja niliingia darasani nikasema jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya watu. Nilisema, na neno la pili lilinikwama kama lilivyotaka: “Nina ki-ki-kigugumizi. Huja na kuondoka. Kikija, nisubirini. Nanyi mkitafuta neno, nitawasubiri.” Hakuna aliyecheka. Sidhani ilikuwa heshima tu. Nadhani walikuwa wakijifunza neno jipya, maana nililiona limeandikwa kwenye madaftari kadhaa.

Kusubiri ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Sekunde nne za kimya darasani ni ndefu kama msimu wa kiangazi. Mara kadhaa nilishindwa nikammalizia mtu sentensi, nikaomba radhi.

Mwezi Septemba upepo ukakaza, nami nikasahau sheria yangu ya mwisho wa mwezi. Alasiri moja mchezo ukakwama tena, mchezaji mkono hewani. Mdogo mmoja akanyoosha kiganja alipige kasha. Mtangazaji wangu akamshika mkono. “Iache,” akasema kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta neno, na safari hii chumba kizima kilimsubiri mpaka akalipata. “Imepatwa na joto. Fungua mlango.”