Keki ya Katanika na Ile Chupa

Wewe unayekaa Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Manono, mahali ambapo watu huamka kwa king'ora cha kazi na kulala na vumbi la mgodi, leo uache kidogo mambo ya mgodi. Twende pamoja Kalemie, kwenye kartie ya Katanika. Hatuendi kwa kutazama ziwa tu. Tunaenda kula keki, na ndani ya keki hiyo mimi mchungaji nilipata somo ambalo sikulipata katika shule ya Biblia.

Kalemie, ambayo zamani iliitwa Albertville, ni mji wa maji na reli. Njia ya reli kutoka Kabalo ilifika kando ya ziwa Tanganyika mwaka 1915, na tangu hapo mizigo ikatoka kwenye behewa na kuingia katika meli. Hapo hapo mto Lukuga unatoka ziwani na kwenda kutafuta Lualaba. Ninyi watu wa migodi mtapenda kujua kwamba Wabelgiji walichimba makaa ya mawe karibu na mji huo, katika bonde la Lukuga. Lakini mama wa Katanika hapiki kwa makaa ya mawe. Anapika kwa makala ya miti, na gunia moja halikai siku nyingi.

Ukitoka katikati ya mji, ukiacha harufu ya ndakala waliotandazwa juani, unafika Katanika. Nyumba nyingi ni za matofali ya udongo, nyingine zina bati, nyingine nyasi. Watoto wanabeba bidoni za maji njiani. Jina la Katanika lilijulikana mbali wakati wa mateso. Katika miaka ya 2016 na 2017, mapigano kati ya ndugu zetu Watwa na Waluba yalifukuza watu wengi vijijini mwa Tanganyika. Wengi walikuja kujenga vibanda vya nyasi hapo Katanika. Wengine wamekwisha kurudi kwao. Wengine wamebaki, wamezaa, wamezika, na sasa wanasema: "Hapa njo kwetu."

Kati ya hao waliobaki yuko mama mmoja mjane. Jina lake sitalitaja. Watoto wa kartie wanamwita Mama Gato, na sisi pia tutamwita hivyo. Alitoka upande wa Nyunzu na watoto wanne na sufuria moja. Hakuwa na shamba. Ili watoto wale, alifanya kazi ambayo mama wengi wenye shida wanaifanya: alipika lutuku, ile pombe kali ya mihogo na mahindi, akaiuza kwa kikombe. Aliniambia siku moja: "Pasta, nilikuwa nalisha watoto yangu na machozi ya watoto ya wengine." Aliacha kazi hiyo. Lakini kuacha si mwisho wa habari, maana kesho yake tumbo bado linadai chakula. Akajifunza kuoka keki.

Foru hana. Tazama jinsi anavyofanya. Anaweka sufuria kubwa juu ya mbabula. Chini ya sufuria anamwaga mchanga mkavu, unene wa vidole viwili, na juu ya mchanga mawe madogo matatu. Anaacha mchanga upate moto vizuri. Halafu anaweka juu ya mawe yale sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa, anafunika ile kubwa kwa kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko anapanga makala yanayowaka. Moto wa chini unakuwa mdogo, wa juu unazidi kidogo. Hana saa. Anajua kwa harufu, kisha anachoma kijiti katikati. Kijiti kikitoka kikavu, keki imeiva.

Keki yake ilikuwa nzuri, lakini siku ya pili ilikuwa kavu. Watu walikula na chai, wakasema asante.

Basi, ikatokea arusi ya kijana wa kanisa letu. Dada ya bibi arusi alitoka Lubumbashi na chupa nzuri ndani ya valizi. Ilikuwa ile pombe tamu ya rangi ya maziwa yenye kahawa. Mnaijua, ninyi wa mijini. Kuna Baileys, iliyoanza kuuzwa huko Ireland mwaka 1974, ambayo ni wiski iliyochanganywa na kirimu ya maziwa. Kuna Amarula ya Afrika ya Kusini, ya mwaka 1989, inayotengenezwa na matunda ya mti wa marula. Mtu akionja anadhani ni maziwa ya mtoto. Lakini zote mbili zina kileo kama sehemu 17 katika 100, kupita bia mara tatu hivi. Dada yule alisema: "Lubumbashi tunaitiaka mu keki, inakuwa laini sana, inakaa siku tatu bila kukauka."

Mama Gato akanijia jioni na chupa imefungwa ndani ya kitenge, kama mtu anayebeba mzigo wa haya. Akauliza: "Pasta, hii chupa niitie mu keki ao niiache?"

Ndugu msomaji, nilikuwa na haraka. Nilikuwa nataka kwenda kwenye kikao. Nikajibu kama mtu anayejua: "Mama, usiogope. Moto unamaliza pombe yote. Inabaki harufu tu." Akashukuru, akaenda.

Siku ya arusi keki ilitoka nzuri kupita zote. Laini, yenye maji maji, inayoyeyuka mdomoni. Mama alikuwa ametia kikombe kimoja ndani ya unga, na keki ilipotoka motoni akaichoma matundu na kuimwagia kikombe kingine juu. Watu walipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilikula vipande viwili.

Kati ya wageni alikuwako baba mmoja. Miaka mingi lutuku ilimfunga. Aliuza bati la nyumba yake kwa ajili ya kikombe. Mungu alimsaidia, na wakati ule alikuwa na mwaka mmoja na miezi bila kugusa. Alipewa kipande kama wengine. Akatia mdomoni. Niliona anasimama, anaweka sahani chini polepole, anatoka. Nilidhani ameitwa na mtu.

Alikaa nje juu ya jiwe mpaka karamu ikaisha. Hakwenda kunywa, Mungu asifiwe. Lakini Jumapili tatu hakuonekana kanisani. Nilipokwenda kwake, aliniambia bila hasira: "Pasta, sikujua ndani kuna nini. Lakini kinywa yangu ilikumbuka. Usiku mzima ilikuwa inaniita." Halafu akasema neno lililonichoma: "Na niliogopa kukuambia, maana nilikuona wewe unakula."

Nilirudi nyumbani na kichwa chini. Nikamwuliza muuguzi mmoja, mtu wa kusoma. Akacheka kidogo. "Pasta, nani alikuambia moto unamaliza yote?" Alinieleza yale ambayo serikali ya Marekani imeandika katika hesabu zake za vyakula. Chakula kilichotiwa pombe kikikaa katika moto nusu saa hivi, karibu sehemu 35 katika 100 za kileo zinabaki. Kikikaa saa moja, robo inabaki. Hata baada ya saa mbili na nusu, kidogo bado kipo. Na ile inayomwagwa juu ya keki iliyokwisha kuoka haikuona moto hata kidogo. Ni kweli, kipande kimoja hakimleweshi mtu. Lakini kwa mtu aliyefungwa na pombe, shida si kulewa kwa kipande. Shida ni kinywa kukumbuka.

Hapo nikaelewa tena Warumi sura ya 14 na Wakorintho wa Kwanza sura ya 8. Sura hizo nilizihubiri mara nyingi. Nilidhani Paulo anasema juu ya nyama za sokoni za watu wa zamani. Kumbe alikuwa anasema juu ya sahani iliyo mkononi mwangu. Sikuandika habari hii kwa kumshitaki dada wa Lubumbashi, wala Mama Gato. Mama aliuliza vizuri. Aliyejibu vibaya ni mimi. Nilimwomba baba yule msamaha, na Jumapili iliyofuata nikaungama mbele ya kanisa, bila kumtaja yeye. Naye akarudi. Anakaa benchi la tatu.

Mama Gato aliposikia, hakulia. Aliuliza swali la fundi: "Basi, ni nini ilikuwa inafanya keki ilainike?" Tukafikiri pamoja. Si kileo. Ni mafuta ya maziwa na sukari. Sukari inashika maji yasitoke, na mafuta yanazuia unga usikazane. Na kule kumwagia keki ingali moto, inakunywa kama udongo wa Novemba. Basi vitu hivyo vinapatikana Katanika bila chupa. Alijaribu mara tatu. Ya tatu ilikubali, na aliniruhusu kuwapa ninyi.

Unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe 1, mayai 3, mafuta nusu kikombe, maziwa robo tatu ya kikombe, leviri ya keki vijiko vidogo 2, na chumvi kidogo sana. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe, tia mafuta, kisha unga na maziwa kidogo kidogo. Usikoroge sana. Oka karibu dakika 50.

Ya kumwagia: weka sukari vijiko vikubwa 4 katika sufuria kavu, iyeyuke mpaka iwe rangi ya kahawa. Ondoa motoni, mimina polepole nusu kikombe cha kahawa kali ya moto. Angalia, itaruka, watoto wakae mbali. Ikipoa kidogo, changanya na maziwa ya unga vijiko vikubwa 3 yaliyokorogwa katika maji safi yaliyochemshwa. Choma keki matundu kwa kijiti ingali na moto, mwagia kijiko kwa kijiko. Funika, uiache mpaka kesho. Katika joto letu, iliwe ndani ya siku mbili.

Keki hiyo ilikatwa Pasaka iliyofuata. Baba wa benchi la tatu alipewa sahani, akanitazama. Mama Gato akamwambia kutoka mlangoni, mbele ya wote: "Baba, kula. Hakuna kitu ndani." Akala. Akaomba kingine.

Mpenzi msomaji, labda katika kambi yako ya wafanyakazi kuna arusi mwezi huu, ao mshahara umetoka na mnataka kufurahi. Furahini, Mungu hakukataza furaha. Lakini kabla ya kupitisha sahani, uliza nani ameketi mezani. Na mtu akikuuliza neno usilolijua, hata kama wewe ni mchungaji, usione haya kusema: "Ngoja niulize kwanza." Yule mjane wa Sarepta alikuwa na unga kidogo na mafuta kidogo, na nyumba nzima iliokoka. Mama wa Katanika naye ana unga, mafuta na makala. Ukipita Kalemie, uliza watoto nyumba ya Mama Gato. Watakupeleka mbio, maana wanajua na wao watapata kipande.

Bwana abariki meza yako.