Niko Njiani

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Nadhani walisema hivyo kwa kuwa hawakuwa na simu za mkononi. Wangekuwa nazo, wangeona jinsi njia ya mwongo inavyoweza kuanzia Tabata, ikapita Buguruni, Kariakoo na Posta, ikafika hadi Kivukoni, na mwenyewe bado hajavaa viatu.

Sisi tuliokua enzi za simu za mezani tunakumbuka kwamba simu ilikuwa na makao yake. Ilikaa juu ya meza ya mkubwa wa ofisi, na mara nyingine ilitiwa kufuli kwenye lile duara la namba ili makarani wasiichezee. Ukipiga ofisini na mtu akapokea, basi yuko ofisini. Swali la kwanza lilikuwa, "Nani mwenzangu?" Mwaka 1994, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilipoanza kazi hapa Tanzania, vifaa hivyo vilikuwa vya wenye nazo. Leo hata muuza mchicha anayo yake, kaifunga kwenye pindo la kanga. Nalo swali la kwanza limebadilika. Jina la mpigaji limeshajitokeza kwenye kioo, hakuna haja ya kuuliza nani. Siku hizi tunaulizana, "Uko wapi?"

Ajabu ya binadamu ni kwamba tangu tuanze kuulizana hivyo, ukweli wa mahali tulipo umekuwa siri kubwa kuliko mshahara.

Siku moja nilikuwa ndani ya daladala. Bwana mmoja aliyevaa vizuri alikuwa akizungumza na mtu ambaye, kwa nilivyosikia, alikuwa akimdai. "Mimi niko Morogoro, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya uchovu wa safari. "Nikirudi Ijumaa nitakutafuta mwenyewe." Hajamaliza, kondakta akapaza sauti, "Mapipa! Wa Mapipa wapo?" Gari zima likanyamaza. Yule bwana akafunika simu kwa kiganja, akanyoosha kidole kimoja juu, kisha akashuka Magomeni Mapipa huku akiendelea kuwa Morogoro. Tulicheka hadi Kariakoo. Lakini hakuna aliyemlaumu. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa na Morogoro yake.

Katika uongo wote huo, mkubwa wao ni "niko njiani." Hatuusemi kwa ubaya. Tunausema kama adabu, kumwonesha mwenzetu kwamba tunamjali na tumekusudia kufika. Naye anayeambiwa ana hesabu zake. Akisikia "niko njiani," anajua hujaoga. Akisikia "nakaribia," yeye ndiyo anaingia kuoga. Siku hizi simu inaweza hata kumwonesha mwenzako kwenye ramani mahali ulipo, lakini ni wangapi wanaoiruhusu? Wakikutana waongo wawili wa kiwango kimoja, hakuna aumiaye. Kasoro inakuja pale mmoja wao anapokuwa si mwongo.

Shangazi yangu si mwongo. Anaishi Kigamboni, na ana kisukari cha miaka mingi, anajichoma sindano ya insulini mwenyewe kabla ya kula. Jumapili moja mwaka 2012 alinialika chakula cha mchana. Wakati huo daraja la Kigamboni lilikuwa halijafunguliwa, tulikuwa tukivuka kwa pantoni. Tuliahidiana saa saba.

Ilipokaribia saa saba simu ililia. Nilikuwa barazani kwa jirani nikicheza drafti. Nilikuwa nimefungwa mara mbili na nilitaka kulipiza.

"Umefika wapi, baba?"

"Niko njiani, shangazi. Ndiyo naingia Kivukoni, nasubiri pantoni tu."

"Haya, njoo taratibu. Wali nimeshafunika."

Nikafungwa mara ya tatu. Saa nane akapiga tena. Nikamwambia pantoni moja imeharibika na foleni ni ndefu. Maneno yale yalinitoka kwa urahisi kiasi kwamba mimi mwenyewe niliionea huruma foleni ile. Nilitoka nyumbani saa nane na nusu.

Nilipofika, saa kumi, nilikuta kandambili nyingi mlangoni. Shangazi alikuwa ameegemea ukuta, kanga imelowa jasho. Aliposikia niko Kivukoni alijichoma sindano yake, akijua baada ya muda mfupi tutakaa mkekani. Kisha akasubiri. Kwa malezi yake, mwenyeji hatii mkono kwenye sahani kabla ya mgeni. Sindano ilifanya kazi yake, chakula hakikuingia, sukari ikashuka. Jirani aliyekuja kuomba ndimu alimkuta anatetemeka na maneno yamemchanganyika. Bahati njema aliujua ugonjwa ule, akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha taratibu hadi akarudi katika hali yake. Chakula kilikuwa pale pale, chini ya kawa, hakijaguswa.

Wazee walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shangazi aliponiona alijitahidi kutabasamu. Akamgeukia jirani yake. "Si nilikwambia? Foleni za mji huu zitaniulia mtoto." Kisha akaniambia, "Pole na safari, baba."

Nikajibu, "Ahsante, shangazi."

Tukala. Wali ulikuwa umepoa na samaki alikuwa mtamu, na mimi sikuweza kumwangalia usoni.

Shangazi yungali hai. Hadi leo sijamwambia kwamba siku ile hapakuwa na foleni ila vifuniko vya soda juu ya ubao wa drafti. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 alinipigia kwa furaha, akasema Mungu ameiona taabu yangu. Nikaitikia amina. Nimeshindwa kwenye mambo mengi maishani, lakini sijui kama kuna jambo dogo lililonishinda kama hilo.

Kilichobadilika ni kimoja tu. Akinipigia kuniuliza nilipo, namwambia nilipo.

"Shangazi, bado sijatoka nyumbani."

Hunyamaza kidogo, maana kwa mji huu jibu hilo ni geni. Kisha huuliza, "Basi mimi nile kwanza?"

"Kula, shangazi," namwambia. "Kula, nitakukuta."